Kofia ya Kiwanda Kwenye Mnada wa Sadaka

Marahaba, Tumaini. Marahaba na ninyi wenzake mliokuja naye Jumapili mkasimama mlangoni kwangu kimya kama wapeleka posa, kumbe mlikuwa na swali tu. Nimeona niwajibu kwa maandishi. Nikisimulia kwa mdomo bibi yenu huniingilia katikati na kunisahihisha, mwisho hadithi inakuwa yake.

Swali nimelishika. Tumaini anauza kwenye duka la taa za sola hapa Ikungi. Tajiri wake ametaka kila mfanyakazi aweke bidhaa za duka kwenye status ya simu yake kila asubuhi, avae fulana ya duka hata siku ya mapumziko, na, hili ndilo lililomkera mjukuu wangu, azitangaze zile taa kwenye kundi la simu la vijana wa kanisa. Malipo hakuna. Akaniuliza, "Babu, nikatae?" Mmoja wenu akamdakia, "Ukatae nini, si kumsaidia bosi tu?" Mkabishana mbele yangu mpaka chai ikapoa.

Mimi nimekamua alizeti maisha yangu yote ya kazi, kwenye kiwanda kimoja cha mtu mmoja, kando ya barabara ya Dodoma. Namshukuru Mungu aliyenilinda hadi nikastaafu nikiwa na vidole vyote, maana mashine ile haikuwa na mzaha. Nimeunguza mota, nimeteleza kwenye mafuta, nimekwenda ibadani na harufu ya mashudu isiyotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Lakini kilichoniuma kuliko hayo yote kilikuwa wivu, na wivu wenyewe ulizaliwa na hilo hilo mnaloniuliza. Kwa hiyo msitegemee jibu la mtu aliyepoa. Ninao hadi leo. Asubuhi nikiomba nautaja kwa jina, Mungu ananisikiliza kwa subira, kisha sote wawili tunaendelea na siku.

Kwanza niwaeleze kazi, mjue nilikuwa nalinda nini.

Aliyenifundisha ni Mzee Saidi, fundi wa kwanza wa kile kiwanda, mtu wa swala tano na utani usiokwisha. Siku ya kwanza alinijazia konzi la mbegu za alizeti akasema, "Zitikise sikioni." Nikatikisa. "Zinasemaje?" Nikamwambia sisikii kitu. "Basi ni mbichi. Mbegu kavu inalia kama njuga. Hizo zilizonyamaza ukiziingiza, zitainyamazisha na mashine."

Sikumwelewa mpaka niliponyamazisha mashine. Kulikuwa na baridi ya asubuhi, ile ya upepo wa hapa kwetu unaokata masikio, na mimi nikaona nimeshakuwa fundi. Mashine ikiwa baridi hailishwi mbegu moja kwa moja. Unairudishia kwanza mashudu, yale makapi makavu ya jana ambayo wafugaji hununua kwa ajili ya ng'ombe, mpaka ipate joto. Mimi nikamimina mbegu, tena nikakaza nati ya mbele ili mafuta yatoke mengi, nionekane. Mashudu yakagoma kutoka. Yakawa jiwe ndani ya chuma. Tulishinda tukiyagonga kwa patasi. Mzee Saidi hakunigombeza. Aliniletea kikombe cha uji wa uwele akasema, "Kunywa, Mkristo. Leo ndiyo umeoa. Mmeshagombana na mwenzio, sasa mtakaa."

Tukakaa kweli. Nikajifunza kusikiliza mota inaposhusha sauti kabla haijakwama. Nikajifunza kuokota shudu likiwa la moto, kulivunja kwa vidole na kusikia kama linakatika vizuri au linajikunja. Lakini jambo alilonikazia Mzee Saidi kuliko yote ni kutuama. Mafuta yakitoka kwenye kitambaa cha kuchujia yanapendeza, utadhani yamekamilika. Ndani bado yana vumbi la mbegu ambalo jicho halilioni. Lazima yakae kwenye pipa, yasiguswe, mpaka mashapo yashuke yenyewe chini. Ukiyawahisha, yatapanda povu kwenye kikaango, na chakula kitakwaruza koo. "Usimuuzie mtu haraka yako," aliniambia. Alipostaafu aliniachia mashine na neno hilo, nami nikaipokea kazi kama wengine wanavyopokea shamba la baba.

Mwenye kiwanda tulimwita Hajati. Alikuwa mama mwema, nalisema bila kulazimishwa. Siku ya Idi tulikula kwake sote, na Krismasi hakusahau kutuma mchele. Hakukaa ofisini kama bosi, alikuwa akipita kati ya magunia na kanga yake begani, akimuuliza kila mtu habari za nyumbani.

Ndipo akaajiriwa Gidion.

Gidion alikuwa kijana wa kwaya yetu, mrefu, mwenye meno mazuri. Kazi yake ilikuwa kujaza mafuta kwenye madumu na kuyafunga vifuniko. Hajati alikuwa ametengenezesha kofia za njano zenye ua la alizeti na jina la kiwanda, kila mmoja akapewa yake. Mimi yangu niliitundika kwenye msumari karibu na swichi, ikakaa pale ikikusanya vumbi. Gidion yake aliivaa. Aliivaa sokoni, aliivaa kwenye mpira, aliivaa harusini. Aliivaa msibani kwa baba mkwe wake mwenyewe, na watu waliokwenda kumpa pole wakarudi makwao wanajua mahali pa kununua mafuta.

Halafu akaanza mambo ya simu. Kila asubuhi alijirekodi akiwa na dumu mkononi, anacheka, anaimba kidogo, anawaambia watu njooni. Bando ni lake. Siku zake za mapumziko alizunguka minadani na madumu mawili ya kuonjesha. Mkewe alilalamika hadi kwa bibi yenu, kwamba mume anaonekana kwenye simu za watu kuliko nyumbani. Malori yanayopita kwenda Mwanza yakaanza kusimama getini kwetu. Dereva anashuka anauliza, "Yuko wapi yule jamaa wa kwenye simu?" Anapita karibu yangu, mimi niliyeyakamua hayo mafuta, nimelowa hadi viwikoni, wala hanisalimu.

Siku moja bibi yenu akaniita. "Baba Neema, njoo ujione, uko kwenye simu."

Nikaenda mbio, nisiwafiche. Nikakuta Gidion amesimama mbele ya mashine yangu, ameiwekea mkono kama mtu anayemtambulisha mchumba, anasema, "Hapa ndipo tunapokamua, ndugu zangu, kwa utaalamu wa hali ya juu!" Tunapokamua! Kijana ambaye hajawahi kukaza nati hata moja. Na nyuma yake, upande wa kushoto, nikajiona. Mgongo. Nimeinama nalisha mbegu, shati limechanika begani.

"Mbona ni mgongo tu?" nikauliza.

"Kwani ulitaka sehemu gani?" akasema bibi yenu. "Ila shati hilo nitalishona. Watu wengi wameshaliona."

Nililala na picha ile kichwani, na asubuhi nikaenda kazini nayo. Hajati akawa hana wimbo mwingine. "Gidion ana uchungu na kiwanda." Asubuhi, uchungu. Wakati wa chai, uchungu. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamfuata.

"Hajati, huyu kijana anafanya kazi mbili. Ile ya pili humlipi?"

Akashangaa kweli, hakuwa anajifanya. "Mzee, mimi sijamtuma. Anajitolea mwenyewe kwa moyo wake."

"Hata bando?"

"Sijamtuma," akarudia, na akatabasamu. "Ila napenda mtu anayejituma."

Hapo, wanangu, ndipo penye fundisho ambalo lilinichukua muda kulielewa. Hakumtuma. Ni kweli tupu. Lakini mmoja wenu akishaanza kutangaza bila kutumwa, wale wanaonyamaza wanageuka wakosaji. Jana kunyamaza kwangu kulikuwa kufanya kazi. Leo kunyamaza kule kule ni kukosa uchungu. Mashine ni ile ile, mafuta ni yale yale, mikono ni ile ile, na mimi nimeshakuwa mvivu nikiwa nimesimama palepale. Aliyefurahia kujitolea hakosei kwa Mungu. Ila ajue anawapandishia wenzake kipimo, na hakuna aliyewauliza.

Nilimwonea wivu kwa sauti yake, kwa meno yake, kwa malori yake. Nikaanza kutafuta ni kitu gani ninacho mimi ambacho Gidion hana. Nikakipata. Nilikuwa mnadi wa kanisa.

Ninyi mmezaliwa mkaukuta mnada wetu, kwa hiyo mnauona wa kawaida. Asiye na fedha analeta alichonacho: kuku, boga, mayai, debe la uwele. Ibada ikiisha tunatoka uwanjani, vitu vinanadiwa, na fedha inaingia kwenye sadaka. Makanisa mengi yanafanya hivyo. Lakini letu lina desturi ambayo sijaiona kwa majirani. Mtu yeyote, kabla ya kutaja bei, ana haki ya kumuuliza mnadi, "Wewe ungenunua?" Na mnadi lazima aseme kweli mbele ya watu wote, hata kama kitu kimeletwa na mchungaji.

Kazi hiyo niliipenda kuliko mashine, Mungu anisamehe. Akiinuliwa jogoo, nikiulizwa nasema, "Huyu nisingemfuga, ana mafua. Lakini leo mchana na ugali, ningemla." Watu wanacheka, na bado jogoo ananunuliwa, kwa bei ya jogoo wa leo mchana. Nikiulizwa boga nasema, "Ningenunua, ila lilichumwa mapema, lisikae wiki." Hawakuwahi kurudi kunilaumu. Wajane walituma watoto na hela mkononi, wakiwaambia, "Msikilize Baba Neema, akisema angenunua, nunua." Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Hakikuwa cha kiwanda, wala sikukipata kiwandani.

Hajati naye alikuwa amesikia habari zake. Akanijia siku moja karibu na magunia. "Mzee, naambiwa kwenye kanisa lenu wewe ndiwe mdomo. Nitatoa dumu moja kila Jumapili, liwe mchango wangu kwa nyumba ya Mungu. Wewe lisemee vizuri tu. Na ile kofia yako uivae."

Angekuwa amenituma, ningeuliza malipo. Hakunituma. Na mimi moyoni nilikuwa nimeshamwona Gidion amekaa nyuma yangu.

Jumapili nikaitoa kofia msumarini, nikaipangusa. Bibi yenu akanitazama tunapotoka ibadani. "Umevaa nini kichwani?"

"Kofia ya kazi."

"Leo ni kazi?"

Nikalinadi lile dumu jinsi Mungu alivyonipa sauti. Nikalinyanyua juani lionekane, nikawaeleza jinsi mbegu zinavyolia sikioni, nikawachekesha mpaka wazee wakashika viuno. Mama Tabea, yule mjane anayekaanga maandazi pale stendi, ndiye aliyeuliza, "Baba Neema, wewe ungenunua?" Nikamwambia, "Hili? Ningenunua na dumu lenyewe!" Na ilikuwa kweli, lilikuwa pipa lililotuama vizuri. Jumatatu watu wa kanisa wakaja kiwandani kununua. Hajati akatusimamisha wote akasema, "Mzee naye ana uchungu na kiwanda!"

Nikageuka nimwone Gidion amepokeaje. Alikuwa anapiga makofi, tena kwa nguvu, uso wote umechanua. "Baba, unatisha!" akaniambia. "Nifundishe hiyo sauti." Hapo wivu wangu ukakosa adabu kabisa, maana mtu unayemwonea wivu akikufurahia, huna pa kushika.

Tukaenda hivyo msimu mzima. Kila Jumapili dumu, kila Jumapili kofia. Na malori ya Gidion yakazidi, mpaka mapipa yakawa hayatoshi. Mafuta yakawa yanatoka kwenye kitambaa asubuhi na kuingia kwenye madumu jioni. Nikamwendea Hajati.

"Haya hayajatuama. Yanataka siku zaidi."

"Mzee wangu, ona geti lilivyojaa. Niwarudishe?"

"Warudi wiki ijayo."

"Wakirudi nyumbani watanunua kwingine. Mafuta si mabaya, hayamdhuru mtu. Si yatatuama huko huko kwao?"

Hakuwa mwongo. Hayamdhuru mtu, ni kweli. Nikarudi kwenye mashine yangu nikiwa na hasira na Gidion, si na Hajati, maana wivu ukishachagua mtu wake haumbadilishi.

Jumapili iliyofuata dumu likaletwa uwanjani. Nilipolinyanyua tu nikajua. Mkono wa mkamuaji unajua. Jua lilipita ndani yake kama linapita kwenye pazia. Gidion alikuwa upande wa kulia, simu ameinua, anarekodi, maana siku hizo alikuwa ananirekodi mimi kila Jumapili. Sasa hata sura yangu ilionekana.

Nikaanza kulisifu dumu, nikazunguka zunguka, nikisema habari za Ikungi na za alizeti kwa ujumla. Mama Tabea akanikata. "Baba Neema, hadithi tumesikia. Wewe ungenunua?"

Watu wakacheka. Walijua jibu. Walilisikia kila Jumapili.

Mimi nikaisikia kofia kichwani, ikanibana kana kwamba imelowa. Nilimjua Mama Tabea. Mafuta yakipanda povu, maandazi ya asubuhi nzima yanaharibika, na abiria wa stendi hawangoji ukaange mengine. Nikimwambia ndiyo, anaharibikiwa kesho, tena kwa neno langu. Nikisema hapana, nimelisema dumu la tajiri wangu mbele ya kanisa zima, na kofia yake iko kichwani kwangu, na simu ya Gidion imeinuliwa.

"Lifungue tulione," mtu akasema.

"Hapana," nikasema. "Mama Tabea, hili nisingelinunua leo. Halijatuama. Ukilikaangia kesho, litakupandia povu. Anayelichukua aliweke wiki nzima bila kulitikisa, kisha alimimine polepole, asifike chini."

Kuku tu ndio waliosema. Mwalimu mmoja akalinunua kwa bei ya chini, akasema yeye ana subira. Nikavua kofia nikaitia mfukoni, na nilipotazama kulia, Gidion alikuwa bado ameishika simu juu, mdomo wazi.

Jumatatu nilikwenda kazini nimejiandaa kurudishwa nyumbani. Nilikuwa nimeiaga mashine, maana mke hata mkiachana unamuaga. Nikakuta geti halipitiki. Malori, bajaji, akina mama na madumu matupu. Mmoja akaniona akapiga kelele, "Ndiye huyo! Mzee anayekataa!"

Gidion alikuwa ameirusha ile video. Hakuficha hata neno. Ameandika chini yake kwamba fundi wa kiwanda chetu hasemi uongo hata kuhusu mafuta yake mwenyewe. Watu wakaipeleka huku na huku, hadi Manyoni, hadi Itigi. Wakaja wanataka mafuta ya mzee anayekataa, yale yaliyotuama, na wako tayari kungoja. Hajati wiki hiyo hiyo akaagiza mapipa mengine. Nilichokiomba kwa mdomo wa fundi nikakikosa, Gidion alikipata kwa kidole gumba.

Hajati akatusimamisha wote tena. Nikajisogeza mbele kidogo, nikajipangusa mikono.

"Gidion," akasema, "Mungu akuzidishie. Kweli una uchungu na kiwanda."

Nilishukuru, kwa kuwa nimefundishwa kushukuru tangu darasa la kipaimara. Mapipa yalikuwa baraka. Mama Tabea alipata mafuta safi. Kazi yangu ilibaki. Nilikuwa nayo mengi ya kushukuru, na nilishukuru moja moja, na nilipomaliza wivu ulikuwa bado umekaa palepale unaningoja.

Lakini cha kuuma zaidi kilikuja Jumapili. Aliletwa kuku mnadani, mweupe, amejikunyata, macho yamefumba nusu. Baba mmoja mgeni kidogo pale kwetu akauliza, akicheka, "Haya Mzee Unayekataa, wewe ungenunua?"

"Nisingenunua," nikasema. "Huyu anaumwa. Msimchanganye na wenzake."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. "Anatangaza huyo!" akapaza sauti mmoja. "Akikataa ujue ndio kizuri!" Na bei ikapanda. Nikasema tena, "Jamani, anaumwa kweli." Wakacheka zaidi, bei ikapanda zaidi. Yule baba akamchukua kwa bei ya jogoo wa sikukuu, akamfunga miguu, akaondoka naye akipiga mluzi.

Kuku yule hakufika jioni. Na baada ya siku chache wenzake wa bandani wakamfuata. Yule baba hakuja kunigombeza. Aliniambia tu, kwa upole, "Mzee, nilidhani ni yale mambo yenu ya kiwanda."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likaingia ndani namna hiyo. Neno langu lilikuwa halijabadilika. Nilisema kweli kwenye dumu na nilisema kweli kwa kuku. Lakini nilikuwa nimelivalisha kofia, na watu hawakuweza tena kujua lini limeivaa na lini limeivua. Nikaenda kwa mchungaji nikamwomba anipumzishe kunadi. Akaniuliza nani ashike. Nikamwambia waulize watu. Watu, bila hata kufikiri, wakasema Gidion.

Jumapili yake ya kwanza nilikaa benchi la mbele pale uwanjani. Niliomba dua fupi ambayo sitaiandika hapa. Gidion akatoka kanisani na kofia yake ya njano, ile ile ya harusini na msibani, akaja moja kwa moja hadi kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaivua. "Nishikie."

Nikabaki nayo magotini. Akanadi mayai, akanadi boga, akachekesha watu kuliko nilivyowahi. Kisha likaja dumu la Hajati. Akalinyanyua juani, akaligeuza taratibu, akalishusha akaangalia chini kama kuna mashapo. Nikajua alikojifunzia. Wakati ule wote alipokuwa anarekodi mgongo wangu, kumbe alikuwa anautazama.

Mama Tabea hakumpa nafasi. "Gidion, wewe ungenunua?"

"Mama, hili sitalinadi mimi," akasema. "Ninakula kwa Hajati. Nikilisifu, mtajuaje kama ni Gidion anayesema au ni mshahara? Mama Mwenyekiti wa wanawake aje alinadi yeye, mimi nitarudi kwenye kuku." Akalisukuma dumu pembeni, akaenda kwenye kuku. Na alipoulizwa kuhusu kuku, watu walimsikiliza kimya, kama zamani walivyonisikiliza mimi.

Tumaini, jibu lako ni hilo. Taa za tajiri wako kama unaziamini, ziweke kwenye status yako, hakuna dhambi. Mwombe bando, na siku ya mapumziko ukimzungukia, mwambie hiyo ni kazi, mpange malipo yake mapema, kabla hajazoea kusema hajakutuma. Muulize na wenzako dukani kabla hujaanza, maana utakachokifanya kwa hiari wao watadaiwa. Lakini lile kundi la vijana si lako kumpa, wala si lake kuomba. Mle ndani wenzako wanakuamini kwa sababu nyingine kabisa. Mwambie tajiri, kwa heshima, kwamba mle unaingia bila fulana. Akikasirika, njoo kwangu tuombe pamoja. Mimi sina la zaidi.

Neno lile alilolisema Gidion lilikuwa langu. Lilinikaa mdomoni msimu mzima, kila Jumapili, na sikulisema. Yeye akalisema siku ya kwanza, bila kuhangaika, halafu akarudi benchini akiwa amelowa jasho, akanyoosha mkono.

"Baba, nipe kofia yangu."

Nikampa. Akaivaa, akaigeuza kidogo upande, na ikamkaa vizuri kuliko ilivyowahi kunikaa mimi.